Kuku wa Kukomboa Saa

Ponsiano Komba hakuwa mwizi. Nalisema mwanzo kabisa, ili anayetaka kubisha aje hapa Mlabani kwenye karai langu la samaki tubishane mafuta yakiwa yamechemka. Nimechoka mimi. Vijana wanapita na bodaboda zao, wamepakia abiria, wananyosha kidole: "Pale ndipo alipouawa yule mwizi wa saa." Mwizi wa saa! Mwizi wa saa ni wewe uliyeondoka pale mfuko umetuna.

Mimi ni Mama Noela. Nakaanga perege na kitoga, na kibanda cha Nickolaus fundi saa kilikuwa ubavuni mwa jiko langu. Kwa hiyo yote nitakayosema niliyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa na mtu saluni.

Ponsiano alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Baiskeli moja, magunia mawili, mizani ya kuning'iniza, na sauti ya kukera. Alikuwa Mngoni wa Songea aliyefuata mpunga huku bondeni, akaoa Michenga, akabaki. Mkewe anaitwa Rosa. Kiangazi chote alikuwa anazunguka vijiji, Michenga, Mofu, mpaka kule njia zinapoishia mtoni, ananunua majembe yaliyokatika na sufuria zilizotoboka. Sasa mtu wa vyuma chakavu anaingizwa mpaka uvunguni mwa kitanda. Anafunguliwa masanduku ambayo hata shemeji hafunguliwi. Na humo ndimo alimoziona zile saa.

Ni saa ndogo za mfukoni, za dhahabu, za mnyororo. Nyingine hazizidi biskuti. Wazee wetu walipewa na mapadri wa zamani kwa kazi ya ukatekista, wengine waliachiwa na walowezi waliokuwa na mashamba ya pamba, wengine hata wao hawajui zilifikaje. Unabonyeza kitufe, kifuniko kinaruka, ndani uso mweupe wa kauri na namba za Kirumi. Hazitembei. Watoto wanachezea, bibi anafungia kwenye kitambaa pamoja na rozari iliyokatika.

Ponsiano alimletea Nickolaus ya kwanza kama mzaha. "Mpogoro, chukua hii ufundishwe saa za kula." Nickolaus akaifungua, akawasha taa yake ya mezani, na tangu siku ile yule mwanaume alipata ugonjwa. Kila saa ya namna ile iliyokuwa bondeni aliitaka. Ponsiano anazitafuta, anawapa wenyewe jembe jipya au mbuzi au chandarua, wanafurahi. Nickolaus anazitengeneza, na hauzi. Hauzi hata moja! Alizitia kwenye kopo la kahawa, zimelalia pamba, na kila asubuhi kabla ya chai anazijaza zote ufunguo, anasikiliza moja moja sikioni. Ukimsemesha wakati huo unajitakia.

Maana Nickolaus alikuwa mtu wa ngumi, tusidanganyane kwa sababu kafa. Mikono mikubwa, vidole vinene, sijui vile vigurudumu alikuwa anavishikaje. Mteja akipandisha sauti, anapigwa. Dereva akiegesha mbele ya meza na kumzibia mwanga, anapigwa. Mkewe alikimbia zamani akamwachia binti, Devota, ambaye ndiye pekee hakuwahi kuguswa. Devota na Ponsiano.

Ponsiano hakuguswa kwa sababu alikuwa mtani. Mngoni na Mpogoro ni watani. Wanatukanana wanavyotaka, na mwenye kukasirika ndiye mwenye aibu. "Nyie babu zetu waliwakimbiza mpaka mkapanda milima ya Mahenge kama tumbili!" Ndivyo alivyokuwa anamwamkia. Nickolaus anajibu bila kuinua macho: "Na nyie mmetembea kwa miguu kutoka kusini mpaka leo hamjafika." Basi wamesalimiana hao, anaagiza chai. Nilikuwa nacheka mpaka nataka kuunguza samaki.

Halafu dhahabu ikapanda bei. Ilianza kwenye simu za watu, kila mtu anamwonyesha mwenzake, kisha wakaja wanunuzi wenyewe. Vijiji vile vile alivyopita Ponsiano na gunia, wao wakapita na pikipiki na vimizani vya kupimia gramu. Leo bei hii, wiki ijayo imepanda tena, na mwenye saa aliyeuza juzi anatamani kujinyonga.

Siku moja mmoja wao akaja kwa Nickolaus. Shati jeupe, viatu vya kuchongoka, hakuna shikamoo wala habari za asubuhi. Akaomba kuona saa iliyokuwa mezani. Nickolaus akampa. Yule jamaa akachukua bisibisi, akachomoa utumbo wote wa saa, akautupa chini, akaweka ganda tupu kwenye mizani. "Mzee, kinachouzwa hapa ni hili ganda. Hayo mengine takataka."

Nikaweka kijiko chini, nikasogeza karai. Nickolaus alipiga magoti, akaokota kigurudumu kimoja kimoja kwenye vumbi, anakipuliza, anakiweka kwenye kifuniko cha soda. Hakuacha hata kimoja. Kisha akasimama, akampiga yule mtu mdomoni. Jino lilikuja kuangukia kwenye unga wangu wa ngano, Mungu ni shahidi, nikamwaga beseni zima. Jamaa kaanguka, Nickolaus kamkalia kifuani, ngumi zinashuka, shati jeupe limekuwa jekundu, wanaume wazima wamesimama wanaangalia. Nikasema huyu leo anaua.

Ponsiano akatupa baiskeli. Hakumshika mkono, angepigwa naye. Alisimama kichwani kwake akapaza sauti: "Lo! Kumbe Wapogoro mna ngumi! Sasa siku ile tunawakimbiza mlizificha wapi?" Ngumi ikabaki hewani. Nickolaus akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka. Yule mnunuzi akatambaa mpaka barabarani akaokolewa na bajaji. Namaanisha hivi: bila utani wa Ponsiano, mtu yule angekuwa marehemu.

Lakini huko vijijini hakukuwa na Ponsiano wa kutosha. Alikwenda Mofu kwenye nyumba moja aliyokuwa anaifahamu, ya ndugu wawili, walioachiwa saa na babu yao. Zamani walikuwa wanaifungia ndani ili tu kuku wasiidonoe. Sasa alikuta wanaigombania kwa mapanga uani, na mama yao katikati anapiga yowe. Ponsiano akaingia kumtoa yule mama. Alirudi hapa kwangu bega limefungwa kanga, kanga imelowa damu mpaka kiunoni, anaendesha baiskeli kwa mkono mmoja.

"Na saa?" Nickolaus akamuuliza. Kweli, ndilo alilouliza kwanza. Nilitamani kumwagia mafuta.

"Waliipasua na shoka," Ponsiano akasema. "Kila mmoja kachukua nusu. Mmoja akasema nusu ya mwenzake ina kitufe, ni nzito zaidi, ndipo wakaanza upya."

Nickolaus akafunga kibanda, akamsukuma mwenzake na baiskeli yake mpaka hospitali, akakaa naye mpaka aliposhonwa. Kwa hiyo nami nilimsamehe.

Mwisho wake Nickolaus ulikuja mchana kweupe, watu wanakula. Wawili kwenye pikipiki, kofia ngumu hawajavua. Mmoja akaingia kibandani na nondo. "Saa ziko wapi?" Hazikuwepo, kopo lilikuwa nyumbani. Nickolaus hakuwa mtu wa kueleza. Alimkaba koo yule mtu mpaka miguu ikaacha kugusa chini. Yule wa pili akashuka, akaokota nondo, akampiga kisogoni. Mara ya kwanza hakuachia. Mara ya pili hakuachia. Mimi nilirusha kila kilichokuwa mbele yangu, vikombe, samaki, kigoda, na napiga yowe. Walipoondoka, uso wake ulikuwa juu ya meza, kati ya bisibisi zake. Alikufa bajaji haijafika hospitali.

Hawakukamatwa. Vijana wa bodaboda wa kituo chetu waliapa mbele yangu: mwizi wa kwanza atakayetiwa mkononi hafiki polisi. Na mimi, kwa hasira niliyokuwa nayo, nilisema amina.

Msiba ukawekwa nyumbani kwa Nickolaus, nyuma ya barabara kubwa. Sasa msiba wetu una watani. Mtani haji kulia. Anakuja kufanya vituko, anamsema marehemu, na kuna jambo moja asilolikosa: anachukua kitu alichokipenda marehemu na kukimbia nacho. Wafiwa wanamfukuza wanapiga kelele za mwizi, wakimkamata anakataa kukitoa mpaka kikombolewe, na kinakombolewa kwa kuku. Naye anasema kuku mdogo, ongeza, mnabishana hapo mpaka waliokuwa wanalia wamesahau kulia. Ndiyo kazi yake. Kila mtoto wa huku anaijua.

Wazee wengine walisema msiba wa damu hauna mizaha. Ponsiano, na bega lake bovu, akawajibu: "Aliyekufa kwa homa anaweza kunikosa. Huyu hapana." Akaenda kugonga jeneza: "Mpogoro, amka, kuna mteja!" Akaigiza Nickolaus anavyosikiliza saa, Nickolaus anavyopiga, Nickolaus anavyokataa kulipa chai. Machozi na kicheko vilikuwa vinatoka pamoja. Devota peke yake alikaa kama gogo, siku zote hizo hakuwa amefungua mdomo hata kunywa uji.

Ponsiano akamwona. Akaingia chumbani, akatoka na lile kopo la kahawa, saa moja ameishika juu inameremeta. "Nimerithi mimi! Anayezitaka aje na kuku, tena jogoo!" Akatoka mbio uani, anachechemea makusudi.

Na Devota akacheka. Jamani, alicheka! Akainuka, akafunga kanga kiunoni, akamfuata. "Mwizi! Mwizi huyo! Mshikeni!" Sote tukapokea, "Mwizi! Mwizi!", na mimi nimo, nimeshika mwiko. Tulivyofanya tangu utoto ndivyo tulivyofanya.

Ponsiano akatokea barabarani, mbele ya kituo cha bodaboda.

Wale vijana wengi ni wa kuja, na hata wa hapa hapa masikio yao yalikuwa yanasubiri neno moja tu. Wakaona mtu anakimbia kutoka nyumba ya Nickolaus na dhahabu mkononi. Ponsiano aliwaona wanakuja, akadhani wamo kwenye mchezo. Akawatolea ulimi. "Hamnipati! Leteni kuku!" Tofali la kwanza lilimkuta bado anacheka.

Nilikimbia, na mimi sina mbio. "Mtani huyo! Ni mtani!" Nani atasikia? Matofali, nondo, mnyororo wa pikipiki. Alisema "jamani," kisha akasema "Devota," kisha hakusema neno. Nilimrukia mmoja mgongoni nikamng'ata sikio mpaka nikasikia chumvi ya damu, akanitupa chini. Kopo likapasuka, saa zikamwagika kwenye vumbi. Hapo ndipo walipoacha kumpiga. Mikono iliyokuwa imeshika matofali iliyaachia, ikaanza kuokota. Walikuwa wanasukumana juu ya mwili wake, wanamkanyaga, kila mmoja anatia mfukoni, kisha pikipiki zikawashwa zote kwa pamoja.

Devota alifika kituo kitupu. Alisimama pale mdomo wazi, lile neno bado limo mdomoni. Ponsiano alikuwa amefumba mkono mmoja. Polisi walipokuja waliukunjua kwa nguvu, kidole kwa kidole, mkatoka saa moja, ndogo kuliko zote, kioo kimevunjika. Askari akaifuta kwenye suruali, akampa Devota. "Haya binti, mali yenu iliyoibwa hii." Naye akaipokea!

Nilimzaba kofi. Sikungoja tufike nyumbani. "Umepokea nini wewe? Umesema ndiyo, aliiba?"

"Mama, nilikuwa sijui la kusema," akalia.

"Kitu alichochukua mtani ni cha nani kabla hakijakombolewa?"

Akaniangalia, akafumba ile saa mkononi. Usiku ule hakulala, wala mimi.

Asubuhi baada ya kumzika Nickolaus tukaenda Michenga, Devota na jogoo kwapani. Nyumbani kwa Ponsiano kulikuwa kimya kuliko msiba unavyotakiwa kuwa. Habari zilikuwa zimetutangulia. Wanawake wachache jikoni, wanaume wawili wanachimba kaburi, wengine wamekaa majumbani mwao wanachungulia, maana nani anataka kuonekana anamzika mwizi? Rosa alikuwa ameketi chini kando ya jeneza.

"Shikamoo mama," Devota akasema.

Rosa hakuitikia. "Wewe ndiye uliyepiga kelele."

"Ndiye mimi."

"Sikutafuti ubaya. Wala sitaki rambirambi yako. Nataka kitu kimoja, mume wangu asiingie ardhini na jina lile. Unaweza?"

Devota akapiga magoti. Akatoa ile saa, akaiweka juu ya jeneza, pale ilipolala mikono ya Ponsiano, akamweka jogoo mbele. Akapaza sauti mpaka majirani wakatoka milangoni: "Mtani! Mimi ni binti wa Nickolaus. Ulichukua saa ya baba kwa haki yako. Nimekuja kuikomboa."

Mwenye kujibu ndiye aliyelala pale. Jogoo alikuwa anahangaika na kamba yake, na Devota amebaki na mikono wazi hajui afanye nini. Nikaona aibu imetuzidi, nikataka kumwinua tuondoke.

Rosa akamshika yule jogoo miguu, akampima kwa mkono. "Ndiyo kuku gani huyu?" akasema. Sauti ilikuwa inakwaruza. "Mifupa mitupu. Wapogoro kwa ubahili! Ongeza."

Devota akafungua mtandio wake, akauweka. "Ongeza." Akavua viatu. "Ongeza." Akatoa hereni, akatoa simu, machozi yanamdondoka kidevuni, na kila akiweka kitu Rosa anasema "ongeza", kwa sauti kubwa zaidi, mpaka akawa anaitoa kwa yowe, anapiga jeneza kwa kiganja. "Ongeza! Ongeza!" Ule mlio sijawahi kuusikia kabla na sitaki kuusikia tena. Wanaume wakaanza kutoka majumbani. Mmoja, wa pili, kisha kundi. Mtu habishanii kuku na mwizi, hilo kila mmoja analijua. Wakaokota majembe bila kusemeshwa, wakaenda kusaidia kuchimba kaburi.

"Sina kingine, mama," Devota akasema.

"Basi haijakombolewa," Rosa akasema. Akamrudishia viatu, simu, kila kitu isipokuwa jogoo. Ile saa akaivaa shingoni.

Mpaka leo anayo. Wanunuzi wanafika Michenga, bei wanayotaja mwaka huu hata sitaitamka, na jibu lake ni moja: "Siuzi. Ni ya watu, hawajaikomboa." Na Devota kila anapopata nafasi anapanda bodaboda na kuku. Rosa anamshika, anampima, anasema mdogo, ongeza. Kisha wanamchinja, wanapika, wanakula wote. Niliwahi kumwuliza Rosa, "Mwenzangu, utamwachia lini?" Akaniambia siku akisema inatosha watu watasahau kwamba kulikuwa na utani, watakumbuka yale matofali tu. Kwa hiyo hasemi.

Masika yaliyopita Rosa alikuwa uani anatwanga, akaja kijana kuomba maji. Alipoinamia mtungi, kijana akadaka mnyororo shingoni, akavuta. Ulimkata ngozi, kovu analo. Rosa alimpiga na mchi mkononi, mfupa ukaitikia. Akampiga gotini. Kijana anagaragara, anapiga kelele yeye, na Rosa anapiga bila sauti, meno ameuma. Majirani walikuja na mapanga na fimbo, wakamkuta amesimama juu yake, saa ameifumba mkononi, damu inamtiririka kifuani.

"Nani huyu?" wakamwuliza. "Kafanya nini? Sema, Rosa, ni mwizi?"

Aliwaangalia wote na mapanga yao. Kisha akaweka mchi chini.

"Mgeni," akasema. "Kaanguka. Tafuteni baiskeli apelekwe hospitali."